Kisanduku cha Nne

Kasulu, Jumanne. Mvua ilikatika saa mbili.
Matope mekundu yaliganda kwenye visigino vyetu
hadi mlangoni pa ofisi, mlinzi akatuonyesha
kipande cha bati cha kujikwangulia.
Mama alijikwangua muda mrefu, mno,
kama mtu anayetaka kuingia mahali asiache alama.

Nilifuata cheti cha kuzaliwa.
Nina miaka kumi na saba. Nina alama za hisabati
ambazo mwalimu Ntabaye alizizungushia wino wa kijani.
Nina barua ya chuo cha uuguzi, Kigoma mjini,
na chini kabisa, chini hata ya muhuri:
*aje na cheti halisi, si nakala.*

Karani, Bwana Chubwa, alikuwa na mafua.
Alisoma fomu kwa ncha ya kalamu.
Mtoto: Atosha Ebuela.
Mahali: kambini, zahanati.
Mama: Wabiwa Mlondani.
Baba: Ebuela Mlondani, marehemu.
Kalamu ikarudi nyuma. Ikamgonga Mlondani wa juu,
ikamgonga Mlondani wa chini.

"Mama, wewe na huyu baba wa mtoto
mmetoka tumbo moja?"

Foleni nyuma yetu ikaacha kukohoa.

Baba Ebuela nilimjua kwa masimulizi:
alizama upande wa Baraka akifuata wavu wa dagaa,
alicheka hata msibani,
alikuwa na mwanya wa meno ya juu,
na mwanya huo niliutafuta kinywani mwangu
kwa kipande cha kioo, tangu darasa la kwanza,
nikauona. Naapa niliuona.

Mama hakumtazama karani. Alinitazama mimi,
na lugha ya ng'ambo ya ziwa, ile anayoificha sokoni
ili asipandishiwe bei, ikamtoka:

"Habakukuya na majina, Atosha.
Balikuya na bunduki.
Mi nilikukopea jina kwa kaka yangu.
Alikuwa mutu muzuri. Na hakulihitaji tena."

Sikulia. Watu hudhani mtu hulia.
Nilihesabu vigae vya sakafu, vilikuwa kumi na tisa
na kimoja nusu, chini ya guu la meza,
na ulimi wangu, bila kuniuliza,
ukaenda kwenye mwanya.
Ulikuwepo. Wa mjomba, basi. Hata mjomba ni damu.

Bwana Chubwa akatikisa kichupa cha rangi nyeupe.
"Tufute," akasema, kwa upole, sitamsingizia.
"Tuandike *haijulikani*. Wapo wengi."

Haijulikani nini?
Mama anajua saa, anajua kichaka, anajua harufu ya koti.
Mimi najua nilizaliwa alfajiri, kilo mbili na nusu,
mkunga akiishika taa ya betri kwa meno.
Asiyejulikana ni yeye, huko aliko, na woga wake.
Neno lake lisikae kwenye karatasi yangu.

"Nikikiacha kitupu, cheti kitakuwa cha uongo?"
Akapenga kamasi. "Hapana. Ila watu watauliza."
"Wataniuliza mimi."

Huenda siku moja nitataka kujua
urefu huu nimeutoa wapi, na miguu hii ya kukanyagia ndani.
Siku hiyo nitauliza mwenyewe, na mtu atapaswa kunijibu.
Kwa hiyo pabaki nafasi. Sikutaka kistari pale,
watu huona kistari wakadhani shauri limekwisha.

"Na Ebuela?" Mama akauliza, sauti kama ya mwenye deni.
"Jina langu la pili," nikasema. "Hilo halirudishwi."

Karani akapiga muhuri mara mbili, wa kwanza haukukolea.
"Njooni Alhamisi."

Nje tulinunua mihogo ya kukaanga, yenye pilipili nyingi.
Mama aliupita ule mfereji wa matope katikati, na viatu vyake,
akasimama, akasema, "Fungua kinywa,"
nami, mtu mzima wa miaka kumi na saba, mbele za watu wa stendi,
nikafungua.